Baba yake amezichana picha zake

Mama wa Morogoro,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ule ukurasa ulioambatanisha nimeutazama kwa muda mrefu zaidi. Unasema mwanao wa darasa la tano anajaza michoro nyuma ya daftari la hesabu, mwalimu amelalamika, na baba yake amezichana karatasi mbele ya wadogo zake. Tangu siku hiyo mtoto amenyamaza. Unauliza umkataze au umwache.

Usimkataze. Mtazame tena huyo konda aliyemchora mlangoni mwa daladala: kisigino kimoja kiko nje, mkono umekamata bomba, shati limejaa upepo kuelekea nyuma ya gari. Hilo la shati hakufundishwa na mtu. Alisimama kituoni akatazama. Watoto wengi wa umri wake huacha kuchora pale wanapoanza kuona kwamba picha hailingani na kitu chenyewe. Wako hajaacha.

Baba yake naye tumwelewe. Anaogopa mwanawe asije akalala njaa, na hofu hiyo ina msingi. Zungumza naye mkiwa wawili, mtoto asiwepo. Mtajie Gado, mchora katuni: ni mzaliwa wa Dar es Salaam, na alikuwa akisomea usanifu majengo Chuo cha Ardhi kabla ya kwenda Nairobi mwaka 1992 kuchorea magazeti ya Nation. Ila usimuahidi utajiri. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake leo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akafariki mwaka 1972 kabla hajaifaidi sifa hiyo. Sanaa huwalisha vizuri wachache, wengi huwalisha kwa shida. Kwa hiyo hesabu ziendelee.

Na mwalimu ana haki yake: daftari la hesabu libaki la hesabu. Pita stesheneri, omba karatasi zilizoharibika upande mmoja, zishone kwa uzi ziwe daftari lake la kuchorea. Kazi za shule kwanza, kisha achore. Asiishie kunakili katuni za televisheni. Mwekee sufuria, mwonyeshe kuku, akae karibu na bibi yake anapochambua mchele aichore mikono ile. Tafadhali usimwite amchore kila mgeni anayeingia, utamtia aibu. Akikaribia sekondari, ulizia shule inayofundisha sanaa za ufundi; huko mbele kuna TaSUBa ya Bagamoyo na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Lakini kabla ya hayo yote, mtoto amsikie baba yake kwa kinywa chake akisema kwamba kuzichana zile karatasi lilikuwa kosa. Hilo huwezi kulisema kwa niaba yake, mama. Mwombe mumeo alifanye wiki hii.