Somo la Nne: Daftari la Mtumiaji katika Mradi wa Maji wa Umma

Kila mradi wa maji unaojengwa kijijini kwa fedha za umma una siku mbili zinazokumbukwa na wengi: siku ya kuweka jiwe la msingi na siku ya kufungua maji. Siku ya tatu, ambayo ina uzito mkubwa kwa mtumiaji, hupita kimya. Ni siku ambayo kipindi cha matazamio kinakwisha. Kabla ya siku hiyo, mkandarasi anawajibika kurekebisha kwa gharama yake kasoro zilizotokana na kazi yake. Ikishapita, njia ya kumrejesha kazini huwa nyembamba, na mara nyingi matengenezo hulipiwa na watumiaji wenyewe kutokana na bei ya ndoo wanayoitoa kila siku.

Malalamiko mengi hutufikia yakiwa na sentensi moja tu: maji hayatoki vizuri siku hizi. Sentensi hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini haimwelezi mhandisi tatizo lilianza lini, linaongezeka kwa kasi gani, wala linagusa vituo vingapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Somo hili linaeleza namna ya kulitunza daftari hilo, kuzisoma namba zake, na kuzipeleka mahali panapostahili.

Mambo matano ya kuyajua kuhusu mkataba

Mtumiaji hahitaji kuusoma mkataba wote wa ujenzi. Anahitaji kujua mambo matano: bei ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kukamilika, orodha ya kazi, kama vile idadi ya vituo vya kuchotea maji, ujazo wa tangi na urefu wa mabomba, jina la msimamizi wa mkataba kwa upande wa Serikali, na urefu wa kipindi cha matazamio. Kipindi hiki mara nyingi ni miezi 12, lakini muda unaohesabika ni ule ulioandikwa katika mkataba husika.

Baadhi ya mambo haya huandikwa kwenye bango la mradi. Yasiyoandikwa, yaombwe katika ofisi ya wilaya ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Aidha, tangu mwaka 2023 zabuni za taasisi za umma hupitishwa katika mfumo wa kielektroniki wa ununuzi uitwao NeST, ambako matangazo ya zabuni huonekana kwa umma. Iwapo ofisi haitoi taarifa kwa mdomo, andikeni barua. Ibara ya 18 ya Katiba inaitambua haki ya kupata taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa muda usiozidi siku 30 kujibu.

Tukio moja si mwenendo

Bomba likipasuka leo na kutengenezwa kesho, hilo ni tukio. Bomba lilelile likipasuka mara moja Januari, mara mbili Februari na mara nne Machi, huo ni mwenendo. Tukio huomba fundi. Mwenendo huomba maelezo: je, bomba ni jembamba kuliko lililoandikwa katika mkataba? Je, lilifukiwa juu juu? Je, msukumo wa maji umezidi uwezo wake? Fundi anayeziba ufa uleule kila mwezi anafanya kazi ya haki, lakini chanzo cha ufa kinabaki palepale.

Ili mwenendo uonekane, vipimo lazima vichukuliwe kwa namna moja. Anayepima asubuhi wiki hii na jioni wiki ijayo hajui kama ameona mabadiliko ya mradi au mabadiliko ya foleni.

Ndoo na saa

Vifaa vya lazima ni ndoo ya lita 20, saa ya simu, daftari na kalamu. Mara moja kwa wiki, siku ileile na saa ileile, fungueni koki hadi mwisho na hesabuni sekunde hadi ndoo ijae. Andikeni tarehe, namba ya kituo, sekunde, na idadi ya siku ambazo maji hayakutoka tangu kipimo kilichopita. Watu wawili watie saini.

Sekunde hizi zina maana kubwa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu kwa siku katika huduma ya vijijini, umbali usiozidi mita 400 kutoka makazi, na koki moja kuhudumia watu 250. Watu 250 kwa lita 25 wanahitaji lita 6,250, yaani takriban ndoo 313 kwa siku. Koki inayojaza ndoo kwa sekunde 60 itamaliza kazi hiyo kwa muda wa saa 5 na dakika 13. Koki inayojaza kwa sekunde 140 itahitaji zaidi ya saa 12, bila kuhesabu muda wa kubadilisha ndoo. Kwa hiyo kituo kinaweza kuwa kinatoa maji kila siku, kikahesabiwa kuwa kinafanya kazi, na bado akina mama wa mwisho katika foleni wakarudi nyumbani na ndoo tupu.

Zoezi la kusoma namba

Tuchukue kituo cha mfano, tukiite Kituo Na. 3. Namba zifuatazo ni za zoezi. Wastani wa sekunde kwa ndoo ulikuwa 60 mwezi Januari, 65 Februari, 80 Machi, 105 Aprili na 140 Mei. Siku zisizo na maji zilikuwa 1, 1, 3, 4 na 7 kwa miezi hiyo. Februari peke yake isingetosha kutoa hoja, kwani tofauti ya sekunde 5 ni ndogo. Ila miezi minne mfululizo ikielekea upande mmoja, na kila ongezeko likiwa kubwa kuliko lililotangulia, kunyamaza ni kosa.

Kabla ya kuandika barua, jiulizeni maswali mawili. Swali la kwanza: vituo vingine vikoje? Vituo vyote vikishuka pamoja, tatizo huenda liko kwenye chanzo, pampu au tangi. Kikishuka kimoja tu, tatizo huenda liko kwenye bomba linalokwenda kwake, kwa kuvuja au kuziba. Swali la pili: ni msimu gani? Chanzo kinaweza kupungua wakati wa kiangazi bila kosa la mtu. Katika eneo lenye mvua za masika, kushuka kati ya Machi na Mei hakuelezwi kwa urahisi na ukame.

Hesabu za malalamiko nazo zinahitaji uangalifu. Kaya 12 zikilalamika kati ya kaya 100 katika robo ya kwanza ya mwaka, na kaya 18 kati ya kaya 200 katika robo ya pili, idadi ya malalamiko imeongezeka lakini kiwango kimeshuka, kutoka asilimia 12 hadi asilimia 9. Anayetaja idadi pekee ataitwa mchochezi. Anayetaja idadi pamoja na jumla ya kaya atasikilizwa.

Muda, kazi na fedha

Wakati ujenzi unaendelea, zipo asilimia tatu za kulinganisha: muda uliotumika, kazi iliyokamilika na fedha iliyolipwa. Mkataba wa miezi 12 uliofika mwezi wa 9 umetumia asilimia 75 ya muda. Ikiwa kazi imefika asilimia 45 na malipo asilimia 70, maswali yanastahili kuulizwa katika mkutano wa kijiji.

Tunasema maswali kwa makusudi. Mkandarasi anaweza kuwa alipewa malipo ya awali ambayo hukatwa kidogo kidogo katika hati zake za malipo zinazofuata, au alilipwa kwa mabomba yaliyokwisha kufika eneo la kazi. Inawezekana pia kazi imesimama kwa sababu malipo yake yamechelewa, na aliyechelewa ni Serikali. Pengo kati ya asilimia hizi ni sababu ya kuomba maelezo. Si ushahidi wa wizi, na daftari letu lisiandike neno hilo.

Kwa kawaida sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiliwa hadi mwisho wa matazamio, ili arudi kurekebisha kasoro. Kasoro isiyoripotiwa kwa maandishi kabla ya fedha hiyo kuachiliwa inapoteza msukumo wake mkubwa.

Wapi pa kupeleka taarifa

Anzeni karibu. Chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kinachojulikana zaidi kama CBWSO, ndicho kinachoendesha mradi uliokabidhiwa. Kipewe nakala ya kwanza, nanyi mbaki na nakala iliyogongwa muhuri au kutiwa saini ya mpokeaji na tarehe. Nakala ya pili iende kwa meneja wa RUWASA wa wilaya, na ya tatu kwa serikali ya kijiji, ili suala liingizwe katika ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Diwani naye ajulishwe.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Mfano wake ni huu:

“Kituo Na. 3 kilijaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 60 mwezi Januari. Mwezi Mei kinajaza kwa sekunde 140. Siku zisizo na maji zimepanda kutoka 1 hadi 7 kwa mwezi. Vituo Na. 1 na Na. 2 havijabadilika. Vipimo huchukuliwa kila Jumatatu saa 1 asubuhi na kutiwa saini na watu wawili. Kipindi cha matazamio kinakwisha tarehe 30 Juni. Tunaomba mhandisi afike kukagua kabla ya tarehe hiyo na matokeo ya ukaguzi yaandikwe.”

Barua hii haimtukani mtu wala haimtaji mwizi. Inasema kilichopimwa, inataja tarehe ya mwisho, na inaomba jambo moja linalotekelezeka.

Penye dalili za rushwa, kama vile kuombwa fedha ili kituo kijengwe upande fulani, taarifa ipelekwe TAKUKURU, ambao hupokea simu bila malipo kwa namba 113. Mwenye hofu ya kutajwa ajue kwamba ipo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Zipo pia taarifa zinazotoka juu. Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, hukagua hesabu za Serikali kila mwaka. Ripoti zake hukabidhiwa kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi na kuwasilishwa Bungeni mwezi Aprili. Someni sehemu ya miradi ya maendeleo, angalieni kama halmashauri au wakala wenu ametajwa, kisha linganisheni na ripoti ya mwaka uliotangulia. Hoja iliyorudiwa miaka mitatu mfululizo ni mwenendo, sawasawa na bomba linalopasuka kila mwezi.

Maswali ya kujipima

1. Kipindi cha matazamio cha mradi wenu kinakwisha tarehe gani, na nani kijijini anayeijua?
2. Koki ya kituo chenu hujaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde ngapi? Kwa kasi hiyo, watu 250 watahitaji saa ngapi?
3. Vituo vitatu kati ya vitano vimeshuka kwa pamoja. Mtaanza kuuliza kuhusu sehemu gani ya mradi?
4. Barua ya mwisho mliyoipeleka ilipokelewa lini, na nakala yake iko wapi?

Asiyeweza kujibu swali la kwanza alitafute jibu kabla ya yote. Mengine yanaweza kujifunzwa kwa mwezi mmoja, lakini tarehe ile ikishapita hairudi.