Mchoraji wa Venice Katika Makanisa ya Uhabeshi

Katika nyumba nyingi za Wakristo, tangu Ilomba huku Mbeya hata Mombasa, ipo ukutani picha ya Bikira Maria amempakata Mtoto Yesu. Wako waulizao: Je, picha hizi zilizotoka Ulaya ni zetu kweli? Swali hilo si geni. Uhabeshi, yaani Ethiopia, walilipata zamani.

Mfalme Zara Yaqob, aliyetawala tangu 1434 hata 1468, aliwaamuru watu wake wamheshimu sana Bikira Maria, na makanisa yakahitaji picha zake. Mtawa Fre Seyon, mwenyeji, alizichora kwa ustadi. Kwa hiyo si haki kusema kwamba Wahabeshi walingoja Mzungu awafundishe. Baadaye ndipo akaja Niccolò Brancaleon, mtu wa Venice. Wajumbe wa Ureno waliofika mwaka 1520 walimkuta angali huko, naye amekwisha kaa miaka arobaini, ana na jina la Kihabeshi.

Msafiri James Bruce, katika kitabu chake cha 1790, asimulia kwamba Brancaleon alimchora Mtoto amepakatwa mkono wa kushoto, kama ilivyokuwa desturi ya Italia. Watu wakachukizwa mno. Msomaji wetu hahitaji kuelezwa sababu: ni nani ampaye mgeni wa heshima chakula kwa mkono wa kushoto? Mchoraji hakukusudia dharau, kwani kwao pozi hilo halikuwa na aibu. Hata hivyo, asema Bruce, picha haikuondolewa.

Kisha Majesuiti walileta nakala za picha ya Maria iliyomo katika kanisa la Santa Maria Maggiore, Roma. Humo pia Mtoto yuko mkono wa kushoto. Katika miaka ya 1630 Mfalme Fasilides aliwafukuza Majesuiti kwa sababu ya ugomvi wa imani, lakini picha yao haikufukuzwa. Wachoraji wa Gondar waliirudia mara nyingi: mikono ya Maria imepishana vilevile, na kile kitambaa kidogo hakikosekani. Ila macho wameyafanya makubwa kwa namna yao, majina yameandikwa kwa herufi za Kige'ez, na kando wamesimama Malaika Mikaeli na Gabrieli, panga mkononi, mfano wa walinzi wa mfalme. Mtoto wamemwacha kushoto.