Somo la Michezo: Frank Borghi, Mlinda-Goli Asiyejua Kushuti



Tunapogawanya ekipe kwenye kiwanja, tunafanya namna gani? Yule asiyejua mpira tunamwambia: «Weye, enda kwa goli!» Tunamweka pale kama mtu wa bure. Leo tujifunze habari za Mwamerika mmoja aliyefika kwa goli vilevile.

1. Alikuwa nani?

Frank Borghi alizaliwa mwaka 1925 mjini St. Louis. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa beisboli, mchezo wa kurusha na kudaka mpira mdogo. Mpira wa miguu aliucheza kusudi mwili usilale wakati wa baridi. Lakini miguu yake haikusikia. Basi akaomba goli, maana mikono alikuwa nayo. Hata mpira wa kuanzisha golini, wenzake walimpigia. Yeye aliurusha kwa mkono, ukafika mbali.

Wakati wa vita kuu ya pili aliuguza askari huko Ulaya. Aliporudi, aliendesha motokari ya kubeba maiti katika kazi ya mjomba wake. Ekipe yake, Simpkins-Ford, ilitwaa kombe la Amerika mwaka 1948 na 1950.

2. Siku ya 29 Juni 1950

Ni Kombe la Dunia, mjini Belo Horizonte, Brazili. Waingereza ni watu wa kazi ya mpira. Waamerika ni wa kuokota huku na huku: Walter Bahr ni mwalimu, Joe Gaetjens wa Haiti ni mwosha sahani. Borghi alitumaini tu kwamba hawatafungwa kupita goli nne ao tano.

Waingereza walishuti, wakashuti tena. Mingine iligonga miti, mingine Borghi alidaka. Dakika ya 38 Bahr akashuti, Gaetjens akaugusa kwa kichwa: goli! Karibu na mwisho, Mullen akapiga kichwa. Borghi akaruka, akausukuma mpira kwa mkono. Waingereza walilia kwamba umevuka mstari, mwamuzi akakataa. Amerika 1, Uingereza 0.

3. Na kisha?

Tusidanganyane. Walikuwa wamekwisha kushindwa na Uhispania 3-1, na Chile ikawafunga 5-2. Wakarudi kwao. Borghi akaendelea na kazi ya mazishi. Heshima ilikawia: ni mwaka 1976 jina lake lilipoandikwa kati ya wakubwa wa mpira wa Amerika. Alikufa mwaka 2015, mwenye miaka 89.

4. Tunajifunza nini?

Borghi hakulilia miguu asiyokuwa nayo. Alitumika na mikono aliyokuwa nayo. Na mlinda-goli akikosa mara moja, wote wanaona. Akiokoa mara kumi, tunamshangilia aliyefunga.

Maswali ya kujiuliza:
a) Kama Borghi angekataa goli kwa haya, ekipe ingepata hasara gani?
b) Ni nani kati yetu tumemweka «kwa goli» bila kutazama mikono yake?