Kujitolea Ukiwa Chuoni: Saa Mbili kwa Wiki Zinatosha

Muhula ukianza, wanafunzi wengi hujiandikisha kwenye kila kikundi cha kujitolea. Testi ya kwanza ikitangazwa, hawaonekani tena. Kule mtaani, mtoto aliyeambiwa "Jumamosi ijayo tutamalizia sehemu" anakaa na daftari lake mpaka saa sita, kisha anarudi kwao. Alichojifunza siku hiyo si hisabati.

Ukitaka kujitolea bila kuwaangusha watu, wala kudisko, fuata hatua hizi.

Hesabu muda na nauli
Chukua ratiba ya muhula, weka alama kwenye wiki za testi, mitihani na mafunzo kwa vitendo. Ahidi kutokana na kinachobaki. Saa mbili kila Jumamosi kwa wiki 10 ni saa 20, na mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kupiga hatua kubwa kwa muda huo. Kumbuka pia nauli: kazi inayodai daladala mbili kwenda na mbili kurudi itakufa siku bumu litakapoisha. Tafuta mahali pa kufika kwa miguu.

Piga hodi kwanza
Omba barua ya utambulisho kwa mshauri wa wanafunzi, kisha nenda nayo ofisi ya serikali ya mtaa pamoja na kitambulisho chako. Shuleni, onana na mwalimu mkuu. Kwa makao ya watoto, anza na afisa ustawi wa jamii. Uliza wanahitaji nini kabla ya kueleza ulichokusudia. Huenda umekuja na somo la kompyuta, wenyewe wanalilia mtaro ulioziba. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni nafasi nzuri ya kujulikana. Nenda na koleo lako.

Walinde watoto
Usikae na mtoto peke yenu chumbani. Fundisheni wawili wawili, mahali pa wazi. Usimpige picha bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Picha ya mtoto akipokea sabuni itabaki mtandaoni hata atakapokuwa mtu mzima anayetafuta kazi. Soma Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Ukikosa muda, changia damu
Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema. Kula na unywe maji ya kutosha kabla ya kwenda. Utapimwa wingi wa damu, kisha utatolewa takriban mililita 450. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Wanafunzi ni miongoni mwa wachangiaji wakubwa, hivyo shule na vyuo vikifungwa akiba hupungua. Ukienda likizo, changia huko nyumbani.

Aga kabla ya kuondoka
Wiki mbili kabla ya mitihani, taja tarehe yako ya mwisho na ya kurudi. Kama hurudi, mtambulishe mwenzako na umwachie daftari linaloonyesha kila mtoto amefikia wapi. Omba pia barua ya kuthibitisha kazi uliyofanya, waajiri huiulizia. Watoto nao wajue Jumamosi ipi haina kipindi, wasije kukaa bure na madaftari yao.