Gari la Kikundi Likitoa Oili: Tafuteni Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Vikundi vingi vya kujisaidia katika sehemu za Garissa, Wajir na Mandera hutegemea gari moja tu, tena kuukuu. Gari hilo ndilo linalopeleka mbuzi sokoni Garissa. Ndilo linaloleta unga na mitungi ya maji. Na usiku wa manane, mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, ndilo linalomkimbiza hospitali. Mara nyingi huwa ni Land Rover ya miaka ya 1970 au 1980, ama Land Cruiser iliyokuja baadaye kidogo. Ni magari imara, lakini yakizeeka yanaanza kutoa oili.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Katika somo hili, oili ni ile ya kulainisha vyuma ndani ya injini. Mafuta ni dizeli au petroli, yale yanayochomwa.

Kwa nini jambo hili si dogo?

Watu husema, "Ah, ni matone tu, tutaongeza oili njiani." Lakini hebu fikirini njia zetu. Kutoka Garissa mpaka Dadaab ni karibu kilomita 100. Kutoka Garissa mpaka Wajir ni zaidi ya kilomita 300, na katikati kuna sehemu ndefu ambazo hakuna gereji wala duka. Oili ikipungua sana, beringi za krenki hukauka. Chuma kinasugua chuma kwa joto kali, na injini inaanza kugonga. Hapo fundi atasema, "Injini imenoki." Gasketi moja haifiki bei ya mbuzi mmoja. Injini nyingine ni bei ya ngamia kadhaa, na kuna vikundi ambavyo haviwezi kuinuka tena baada ya gharama kama hiyo.

Kosa la kawaida

Tuseme kikundi kinaona oili chini ya gari. Mwenyekiti anampa dereva pesa, dereva ananunua gasketi ya sampu kwa sababu ndiyo iko chini na ndiyo imelowa. Fundi anaifunga. Baada ya wiki mbili oili imerudi. Wananunua nyingine. Wanachama wanaanza kunung'unika kwamba pesa zinaliwa, kumbe hakuna aliyekula. Oili ilikuwa ikitoka juu, kwenye kava ya tapeti, ikiteremka ubavuni mwa injini na kudondokea chini ya sampu.

Basi shikeni neno hili: oili huonekana chini, lakini chanzo chake mara nyingi kiko juu. Tena gari likienda mbio, upepo husukuma oili nyuma. Kwa hiyo tafuteni mahali palipolowa palipo juu zaidi na mbele zaidi. Hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 1: Hakikisheni ni oili ya injini

Jioni legesheni gari mahali tambarare na mtandike katoni kubwa chini yake. Wekeni alama mbele ya katoni. Asubuhi tazameni matone yako wapi na ni ya namna gani.

- Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi na ya kuteleza.
- Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali kama ya kibiriti.
- Oili ya breki ni nyepesi sana kama maji, na hubabua rangi ya gari. Mkiiona hii, gari lisiondoke kabisa mpaka breki zitengenezwe.
- Maji ya redieta hayatelezi kama oili, na mara nyingine yana rangi ya kijani.

Vuteni pia kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili imebadilika na kufanana na chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini. Msiiwashe. Iteni fundi.

Tazameni na moshi. Oili ikipungua na chini ya gari ni kukavu, huenda inaungua ndani. Moshi wake ni wa rangi ya samawati. Huko si kuvuja, na gasketi mpya haitasaidia.

Hatua ya 2: Osheni injini

Katika nchi yetu vumbi ni jingi, na vumbi likikutana na oili linakuwa tope gumu. Huwezi kuona chanzo chini ya tope. Ngojeni injini ipoe kabisa. Funikeni altaneta na mdomo wa kuingizia hewa kwa plastiki. Kwangueni tope kwa kijiti, sugueni kwa brashi yenye dizeli kidogo, kisha osheni kwa maji ya sabuni na muache ikauke. Msitumie petroli. Cheche moja inatosha kuteketeza gari na mtu.

Hatua ya 3: Pakeni chaki

Ombeni shuleni vipande vya chaki vilivyobaki, mvisage mpaka viwe unga. Pakeni unga huo kwenye sehemu zilizo kavu za injini: kuzunguka kava ya tapeti, kandokando ya filta, mbele kwenye puli ya krenki na kwenye ukingo wa sampu. Kisha endesheni gari kilomita kumi hivi, mzime, mfungue boneti na mtumulike kwa tochi. Oili itakuwa imechora njia nyeusi juu ya weupe. Fuateni njia hiyo kwenda juu mpaka inapoanzia. Kuweni waangalifu msishike vyuma vya moto.

Hatua ya 4: Kagueni mrija wa kupumulia

Hatua hii husahauliwa sana, na pengine ndiyo yenye faida kuliko zote. Ndani ya injini kuna presha, kwa sababu moshi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni. Presha hiyo hutolewa na mrija wa kupumulia au kifuniko chenye wavu, ambacho kwa kawaida kiko kwenye kava ya tapeti. Ukizibwa na vumbi na masizi, presha haina pa kutokea. Basi inasukuma oili kwenye kila gasketi na kila sili iliyochoka. Ndiyo maana gari lingine linavuja mahali pane au patano kwa mpigo. Mkibadilisha gasketi zote na kuuacha mrija umeziba, mtarudia kazi.

Fungueni mrija, usafisheni kwa dizeli, mupulize upande mmoja na kuona kama hewa inapita. Wavu nao uosheni ukauke.

Kisha pimeni hivi. Injini ikiwa inanguruma polepole, fungueni kifuniko cha kutilia oili kwa uangalifu na mkiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kikitetemeka kidogo, ni sawa. Kikirushwa na moshi ukatoka kwa nguvu hata baada ya kusafisha mrija, basi ringi za pistoni zimekwisha. Hapo wekeni akiba ya ovahoo, msimalize pesa kwa gasketi.

Matengenezo ambayo kikundi kinaweza kufanya

Kava ya tapeti. Kazeni bolti kwanza, kidogo kidogo, kwa zamu, moja huku na moja upande wa pili. Msitumie nguvu nyingi, maana gasketi ya koki ikibanwa sana hupasuka. Ikiwa ni ngumu kama ganda, badilisheni. Kabla ya kuweka mpya, wekeni kava juu ya ubao ulionyooka. Ukingo ukiwa umepinda, gongeni taratibu mpaka unyooke.

Filta. Mkitoa filta ya zamani, hakikisheni raba yake haikubaki imegandia kwenye injini. Raba mbili zikikutana, oili inaweza kumwagika yote kwa dakika chache. Raba mpya ipakeni oili safi, kazeni kwa mkono mpaka iguse, kisha ongezeni robo tatu ya mzunguko. Msitumie spana kukaza.

Plagi ya sampu. Wosha ya shaba iliyokuwa ngumu inaweza kutumika tena. Ipasheni moto mpaka iwe nyekundu, itumbukizeni kwenye maji, na italainika. Iparuzeni masizi kabla ya kuirudisha.

Swichi ya oili. Hii ndiyo inayowasha taa nyekundu mbele ya dereva. Ikivuja, nunueni nyingine. Mafundi wengine huitoa na kuziba tundu kwa bolti. Msikubali! Mtakuwa mmeziba mdomo wa yule anayewaonya.

Kazi za fundi

Sili ya mbele ya krenki hutaka puli ifunguliwe. Mwambieni fundi apapase chuma kinapopita sili. Kama kimechimbika mfereji, sili mpya pekee haitadumu.

Sili ya nyuma ndiyo kazi kubwa, kwa sababu ni lazima giaboksi ishushwe. Ikivuja kidogo tu, mnaweza kungoja mpaka siku ya kubadilisha klachi, mlipe kazi mara moja. Lakini klachi ikianza kuteleza, msingoje.

Wenye Land Rover za zamani, sikilizeni hapa. Nyingi zina tundu dogo chini ya nyumba ya flaiwili, pale injini inapokutana na giaboksi. Liliachwa makusudi ili oili ya sili ya nyuma itoke nje isilowanishe klachi. Lina kiziba chake, cha kutumia wakati wa kuvuka maji mengi tu. Laga zikifurika, kama ilivyokuwa wakati wa El Niño mwaka 1997 na tena mwishoni mwa 2023, madereva hukifunga. Maji yakiisha, kitoeni. Kikibaki humo, chini kutaonekana kukavu na mtafurahi, kumbe oili inajikusanya ndani na klachi inaharibika.

Mambo ya kuepuka

1. Sabuni ya kipande huweza kuziba tangi la mafuta kwa muda, lakini kwenye injini ya moto huyeyuka.
2. Silikoni nyingi. Inayobinuka kwa ndani hukatika na kuziba chujio la oili ndani ya sampu. Pakeni uzi mwembamba tu.
3. Kutia oili kupita alama ya juu ili "idumu". Ikizidi huchafuka povu na kusukumwa nje zaidi.

Kama gari linavuja na safari haina budi

Pengine kuna mgonjwa na hakuna gari lingine. Pimeni oili kabla ya kuondoka, bebeni lita kadhaa za akiba, na msimame kila kilomita 50 kupima. Ngojeni dakika chache oili iteremke kabla ya kuvuta kijiti. Taa nyekundu ikiwaka njiani, zimeni injini hapo hapo. Msiseme, "tufike kwanza pale mbele."

Muwe na daftari ndani ya gari. Andikeni tarehe, kilomita, na oili iliyoongezwa. Gari linalotaka lita 1 kwa kila kilomita 1000 tayari lina shida ya kushughulikiwa. Safari moja ya Garissa na Nairobi, kwenda na kurudi, ni zaidi ya kilomita 700, kwa hiyo hata safari moja itawaambia mengi. Daftari pia linaondoa shaka kati ya dereva na wanachama.

Oili iliyotumika

Msiimwage kwenye laga wala karibu na kisima. Mtungi uliobeba oili usitumike tena kwa maji wala kwa maziwa ya ngamia yanayopelekwa mjini, hata ukioshwa mara kumi. Uchoreni alama nyekundu. Na ingawa wafugaji wengine huwapaka ngamia oili chafu kutibu upele, ina sumu inayopenya ngozini, na mnyama hujilamba. Mwoneni daktari wa mifugo.

Maswali ya kujadiliana

1. Gari letu limetumia lita ngapi za oili mwezi uliopita? Nani anajua, na ameandika wapi?
2. Mara ya mwisho mrija wa kupumulia ulisafishwa lini?
3. Tukinunua spea, je, tuliona chanzo kwa macho au tulikisia?
4. Mbali na dereva, ni wanachama gani wawili watakaojifunza kupima oili kila asubuhi? Chagueni mmoja awe mama na mmoja awe kijana, ili dereva akisafiri au akiugua gari lisikose mlinzi.

Jibuni swali la nne kabla ya mkutano kufungwa, na majina yaandikwe kwenye daftari siku hiyo hiyo.