Picha Zetu Zisipotee

Picha ya marehemu babu iliyomo kwenye simu moja tu haijahifadhiwa. Simu ikiibiwa, nayo imepotea.

Miswada ya kale ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha za kidijitali. Miswada yenyewe ilibaki Lamu, nakala za picha zikawekwa pia Maktaba ya Taifa ya Uingereza, London. Huku kukiungua, kule zipo.

Nasi hapa Busi tuige: nakala moja kwenye simu, ya pili kwenye flashi, ya tatu kwa ndugu aliyeko Dodoma. Flashi isisahauliwe sandukuni miaka mingi, huharibika kimyakimya. Kila mwaka ifunguliwe, picha zikaguliwe. Kisha andikeni majina ya waliomo na mwaka, kabla wanaowajua hawajaondoka.