Dawa ya Shaba katika Shamba la Kahawa

Kila mkulima wa kahawa anaijua dawa ya shaba. Mwaka 1885 Mfaransa Millardet alitangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa wa kuzuia ukungu wa mizabibu kule Bordeaux, na tangu hapo dawa za namna hii zimeokoa mazao mengi. Kwetu huzuia kutu ya majani na chulebuni. Lakini dawa njema ikizidi huwa sumu. Somo hili laeleza sababu.

Shaba haiozi. Dawa nyingine huvunjika kwa jua na vijidudu vya ardhini, bali shaba ni madini. Inayodondoka majanini hushikamana na udongo wa juu na kuongezeka kila mwaka. Ikizidi, nyungunyungu hupungua na mizizi michanga hudumaa, hasa penye udongo mchachu.

Tupige hesabu. Chukua unga ambao nusu yake ni shaba. Tuseme mkulima hutumia kilo 4 kwa hekta kila mara, naye hupiga mara 6 kwa mwaka. Hizo ni kilo 24 za unga, yaani kilo 12 za shaba. Kwa miaka 7 ni kilo 84. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliweka sharti kwamba wakulima wake wasizidishe kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Sheria hiyo ni ya kwao, lakini yatupa kipimo: mkulima wetu amekizidi mara tatu.

Mwenye kondoo ajihadhari zaidi. Ng'ombe huvumilia shaba kuliko kondoo, ambaye huilimbikiza katika ini. Akilishwa majani yaliyokatwa chini ya mibuni iliyopigwa dawa, ataonekana mzima kwa majuma mengi. Kisha ghafla macho huwa ya njano, mkojo huwa mweusi, naye hufa. Wengi husema amerogwa, kumbe ni shaba.

Maji nayo yalindwe. Shaba kidogo tu huua samaki. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kisichozidi miligramu 2 kwa lita.

Mambo ya kufanya:

1. Pogoa mibuni ipate hewa na mwanga. Ukungu hupenda penye unyevu.
2. Ukipanda upya, tafuta miche inayostahimili magonjwa, kama ile ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, Lyamungu.
3. Nunua dawa iliyosajiliwa tu. Fuata kipimo cha kibandiko, usiongeze "kwa bahati".
4. Andika daftarini tarehe na kilo za kila upigaji.
5. Vaa miwani, glavu na nguo za mikono mirefu. Mrututu huunguza macho.
6. Usioshe bomba mferejini wala kisimani.
7. Kondoo wasile majani ya shamba la kahawa, wala wasipewe chumvi ya ng'ombe yenye shaba.
8. Tia samadi, hushika shaba isidhuru mizizi upesi.

Maswali:

1. Kwa nini shaba haipungui udongoni kama dawa nyingine?
2. Shamba lako lilipata kilo ngapi za shaba mwaka uliopita?
3. Kondoo wako hula majani ya wapi?

Asiyeweza kujibu swali la pili na aanze daftari leo. Udongo huu ndio watakaolima watoto wetu.